Kutoka kibaba hadi posho: nani anampikia afande?



Nilipotea kidogo, msinilaumu. Nilikuwa Madibira kufuatilia habari ya mpunga. Kwa wasiopajua, ni hivi: unaondoka Mafinga asubuhi ukiwa na koti, baridi ya Mufindi inakung'ata masikio, misonobari kila upande. Kisha gari linaanza kushuka. Koti unavua. Dirisha unafungua. Ukifika bonde la Usangu joto linakupokea na mbele yako ni majaruba mpaka macho yachoke. Umetoka mkoa wa Iringa, umeingia Mbeya, wilaya ya Mbarali. Skimu ya Madibira ilijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kama hekta 3,000 hivi, maji yanatoka mto Ndembera, na mkulima mmoja mmoja akakatiwa hekta yake moja. Mchele wake unausikia mpaka Kariakoo.

Lakini leo siandiki habari ya mpunga. Hiyo mhariri wangu keshaichukua. Leo naandika habari ya sahani.

Ilikuwa saa kumi jioni, nimekaa kwa mama ntilie. Pembeni yangu akaja afande mmoja mwenye sare, kijana tu, labda kanizidi miaka mitatu au minne. Anaingia lindo la usiku. Akaagiza wali maharage. Mama akapakua, afande akasema, "Ongeza mama." Mama akaongeza. Ule wali ulikuwa mlima kweli kweli, mweupe kama pamba, maharage vijiko viwili juu, mboga ya majani hakuna, na soda moja baridi. Akala haraka, kama mtu anayejua hataonja kitu tena mpaka asubuhi.

Mdomo wa mwandishi hautulii. Nikamuuliza, "Afande, kwani kituoni hampikiwi?"

Akacheka. "Mdogo wangu, nani akupikie? Sisi tunapewa posho."

Akalipa, akavaa kofia, akaenda zake. Mimi nikabaki na hilo neno. Posho! Nimelisoma kwenye magazeti mara ngapi: posho za wabunge, posho za semina, posho za safari. Mwenyewe nimewahi kukaa kwenye warsha siku nzima nikisubiri bahasha (msijifanye hamjui). Lakini nikikumbuka historia niliyosoma chuoni, neno hili lina safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo lilikuwa na maana moja tu: chakula.

Kuposha ni kumpa mtu chakula cha siku. Karne ya 19, misafara ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mpagazi alihesabiwa posho yake kwa kibaba. Kibaba kimoja cha nafaka, mtu mmoja, siku moja. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 na 1858, alikiandika kibaba kuwa ni kama ratili moja na nusu, tuseme gramu 700 hivi. Mtama, uwele, mahindi, chochote kinachopatikana njiani. Kitoweo ni juu yako. Mboga ni juu yako. Kuni, maji na kupika, juu yako vilevile.

Naomba wadau mlishike hilo, maana tangu siku hizo mpaka kwa yule afande wa Madibira, kipimo kimekuwa kinapima wingi wa tumbo. Kilichomo ndani ya kibaba hakikuwa na mwenyewe.

Wajerumani walipoingia huku kwetu Nyanda za Juu Kusini walirithi utaratibu huohuo. Tunawajua kwa vita: Agosti 17, 1891, Emil von Zelewski anauawa na jeshi la Mkwawa pale Lugalo, mwaka 1894 ngome ya Kalenga inaanguka, Julai 1898 Mkwawa anajiua. Hiyo tumefundishwa tangu shule ya msingi. Ambacho hatukufundishwa ni kwamba wakati wote huo kulikuwa na mamia ya maaskari Waafrika wanaotakiwa kula kila siku, na hawakuwa na jiko la pamoja. Waliposhwa, basi. Aliyepika ni mke wa askari. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu maaskari wa Kijerumani, anaonesha jinsi kaya ya askari, yaani mke, watoto na watumishi, ilivyokuwa sehemu ya jeshi lenyewe. Jeshi likihama, wanawake wanahama nalo, na sufuria kichwani.

Kwa hiyo mpango wa kwanza wa lishe kazini kwa askari wa nchi hii ulikuwa mwanamke asiyelipwa! Na chakula chenyewe kilitoka wapi? Kwa wanavijiji. Wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, maghala na mashamba yalichomwa kusini kote, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Askari alishiba pale mkulima alipolala njaa. Ni vizuri tuliseme hilo wazi, maana huwezi kuzungumzia shibe ya askari ukaacha kuuliza nani alivuna.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa Waingereza walikusanywa kwa malaki, na ukitaka kukumbuka waliwekwa wapi pale Dar es Salaam, panda daladala ya Kariakoo, jina lenyewe ni hilo hilo, Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa bunduki. Waliharisha. Waliugua kuhara damu, malaria na nimonia. Walipewa unga wa mahindi, na wengi kwao hawakuwa wamezoea mahindi. Kuni zimelowa, muda wa kupika hakuna, ugali unaliwa mbichi. Kibaba kilikuwa kimejaa lakini mtu anakufa.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa rasmi Agosti 25, 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, kabla hayajahamia Dar es Salaam mwaka 1930. Posho ikaendelea. Baadaye, taratibu, unga ukageuka fedha. Leo askari wetu akiwa kuruti pale Shule ya Polisi Moshi anakula kwenye bwalo na wenzake, ugali na maharage kwa saa zinazojulikana. Akimaliza mafunzo na kupangiwa kituo, bwalo linaishia hapo. Chakula kinakuwa tarakimu kwenye hati ya mshahara.

Mnaokumbuka bajeti ya 2016/17, ilikuwa hivyohivyo kwenye maduka ya majeshi. Msamaha wa kodi kwenye yale maduka ukafutwa, ikaelezwa kwamba badala yake askari watalipwa posho. Sisemi ilikuwa kosa, yale maduka yalikuwa na mianya yake na wote tunajua bia za bei chee ziliishia mikononi mwa nani. Nasema tu kwamba ni mwendo uleule: kitu kinaondoka, fedha inaingia.

Fedha ina uzuri wake. Mtu mzima anajichagulia. Lakini hebu fikirini afande analipwa mwisho wa mwezi, ada ya mtoto inadai, mama mzazi kijijini anapiga simu, na kwenye hilo fungu lililoitwa la chakula hakuna aliyelifunga kamba. Kitu cha kwanza kupunguzwa ni mboga. Cha pili ni tunda. Wali haupunguzwi, wali ndio unaojaza.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Japani, kwa sababu ya huo huo wali.

Miaka ya 1880 jeshi la majini la Japani lilikuwa na janga. Mabaharia vijana wenye afya walikuwa wanavimba miguu, wanaishiwa nguvu, mwishowe moyo unasimama. Ugonjwa wenyewe ni beriberi. Meli iitwayo Ryujo iliondoka mwaka 1882 kwa safari ndefu ikiwa na watu 376. Watu 169 waliugua beriberi, 25 wakafa. Daktari wa jeshi hilo, Takaki Kanehiro, aliyesomea udaktari London, akaangalia sahani zao. Mabaharia walikuwa wanapewa fedha ya kitoweo, na wengi, hasa waliotoka familia maskini, waliibana ile fedha wapeleke nyumbani. Wakawa wanakula wali mweupe mtupu.

Niliposoma hapo nilisimama. Fedha ya kitoweo inayopelekwa nyumbani! Karne moja na nusu iliyopita, Japani.

Takaki hakuandaa semina. Alikwenda kwa wakubwa, akabishana nao mpaka wakakubali kubadili chakula chenyewe: nyama, samaki, maharage, shayiri, wali upungue. Mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ikapitishwa njia ileile ya Ryujo kwa chakula kipya. Wagonjwa walikuwa wachache sana, na hakuna aliyekufa kwa beriberi. Kumbe hata Takaki mwenyewe alikosea sababu, alidhani tatizo ni upungufu wa protini. Vitamini zilikuwa hazijagunduliwa. Lakini sahani aliibadilisha, na watu wakapona. Jeshi la nchi kavu lilimdharau, likaendelea na wali wake mweupe, na katika vita na Urusi ya 1904 na 1905 likazika maelfu ya askari waliouawa na beriberi.

Sababu halisi ilianza kuonekana Java miaka ya 1890, tena kwa kuku. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa na kuku wa majaribio kwenye hospitali ya kijeshi. Kuku wakaanza kupooza. Walikuwa wanalishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali. Mpishi mpya alipokuja akakataa: mchele wa jeshi kuwapa kuku raia, haiwezekani! Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri, wakapona. Ubahili wa mpishi mmoja ukachangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Kilichokuwa kinakosekana ni vitamini B1, na ipo kwenye ile ngozi ya punje ambayo mashine inaitoa ili mchele ung'ae.

Kule Ufilipino, Wamarekani nao walikuwa na kikosi cha askari wenyeji, Philippine Scouts, wakiugua beriberi mamia kwa mwaka. Mwaka 1910 wakapunguza wali mweupe kwenye posho ya kikosi, wakaongeza maharage. Ndani ya mwaka mmoja au miwili wagonjwa wakabaki wa kuhesabika kwa vidole.

Afande wetu wa Madibira hana beriberi, tusitishane. Yale maharage vijiko viwili yanamsaidia kuliko anavyojua. Shida ya kizazi chake ina majina mengine: presha na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Hapo ni raia wote. Ongeza kazi ya zamu. Kule Buffalo, Marekani, watafiti wakiongozwa na John Violanti wamewafuatilia polisi kwa miaka mingi, na wakakuta wanaofanya kazi usiku, hasa wanaolala kidogo au kupiga saa za ziada, ndio wenye mkusanyiko mkubwa wa dalili hizi: kitambi, presha, sukari, mafuta kwenye damu. Mlo mmoja mkubwa, saa kumi jioni, kisha kukaa macho mpaka alfajiri, si jambo dogo kwa mwili.

Serikali haijalala, tuwe wakweli. Mwaka 2014 ulitoka Waraka wa Watumishi wa Umma Namba 2, ukiagiza UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa yashughulikiwe mahali pa kazi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mnakumbuka tulivyojazana barabarani na fulana? Novemba 14, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua mpango wa taifa wa kuzuia magonjwa hayo, pale Dodoma.

Nimezisoma hizi habari, nyingine nimeziandika mwenyewe. Kuna kitu kinajirudia. Tunapima presha, tunakimbia, tunapiga picha, tunaambiwa tule vizuri. Askari kukimbia? Askari anakimbia tangu kuruti! Anayepika hajatajwa. Sahani inabaki ni juu yako, kama kitoweo cha mpagazi wa 1857.

Na uchungu wangu ni kwamba jibu tulishawahi kuwa nalo, tena hapohapo jirani, ukivuka tu mpaka wa mkoa kutoka Madibira.

Mwaka 1983 ulianza mradi wa lishe mkoa wa Iringa, wa WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, ukisimamiwa pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe, ile iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973. Vijiji 168 kwa kuanzia. Nchi wakati huo imefilisika, vita vya Kagera vimetuacha hoi, dukani sabuni hakuna. Wangeweza kugawa unga. Walichofanya ni kumweka mtoto kwenye mzani, kila baada ya miezi mitatu, mbele ya wazazi, na matokeo yakapelekwa kwenye serikali ya kijiji. Kisha swali: kwa nini uzito wa watoto wetu umeshuka?

Ukiuliza swali hilo kijijini majibu hayaishii kwenye unga. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula mara mbili tu kwa siku na tumbo lake dogo halibebi mengi. Basi vikaanzishwa vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana, wapate mlo mara nyingi zaidi. Maji machafu? Lijadiliwe. Baba anauza mahindi yote? Lijadiliwe, tena mbele ya baba. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali kwenye vile vijiji vya mwanzo ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Njia hii ya kupima, kutafuta chanzo na kuchukua hatua, kisha kupima tena, ilitoka Iringa ikaenda kuathiri mkakati wa lishe wa UNICEF dunia nzima mwaka 1990. Dunia nzima, wadau! Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu na sikuwahi kuisikia.

(Aibu yetu ni kwamba utafiti wa afya wa 2022 umekuta Iringa inaongoza nchi kwa udumavu wa watoto, asilimia 57 hivi, wakati taifa ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wenzake. Mizani ikiachwa na mazungumzo yakiisha, hali inarudi. Hiyo nitaiandikia siku yake.)

Sasa chukua ule utaratibu uweke kwenye laini ya polisi. Mzani mmoja na kipimo cha presha. Kila miezi mitatu. Matokeo bila majina yanajadiliwa na mkuu wa kituo, maaskari na wake au waume zao, na hata yule mama ntilie, kwa sababu yeye ndiye bwalo lenu halisi. Kwa nini vitambi vimeongezeka robo hii? Labda zamu ya usiku inaanza kabla ya mtu kula nyumbani. Labda hakuna pa kupasha chakula. Labda hakuna bustani ya mchicha, na kituo kina eneo la kutosha timu mbili kucheza mpira. Hayo yanatatulika bila mfadhili. Chungu kimoja cha pamoja kwa zamu ya usiku, kila mtu akichangia kidogo kutoka kwenye hiyo posho, ni jambo ambalo walimu wa shule nyingi za vijijini wanalifanya na chai yao ya saa nne.

Najua atakayesema: Jeshi lina taratibu zake, huwezi kumjadili afande tumbo lake mbele ya mkubwa wake. Inawezekana. Lakini Takaki naye alikuwa ndani ya jeshi, tena la kifalme.

Kesho yake asubuhi kabla sijapanda gari la Mafinga nilipita kwenye mashine za kukoboa. Kelele, vumbi, magunia mpaka mlangoni. Nikamuuliza kijana wa mashine kama kuna mteja anayetaka mchele usiong'arishwa sana. Akanitazama kama nimetoka Ulaya. Wanunuzi wanataka mweupe, bro, ndio wenye bei. Nyuma ya banda pumba zilikuwa zimerundikwa, rangi ya kahawia, zinanukia vizuri tu. Kuku kama kumi na tano walikuwa juu ya lile rundo wanakula. Nimekua nikiona kuku wa mjini, na hawa wa Madibira walikuwa na afya, manyoya yanang'aa.